Viwavi wa Chiwata na Faili Lililosemekana Liko Mkoani

Mtu akikuambia faili limepotea, usimpe pole. Muulize kwanza amekalia nini.

Nawaandikia nyie mnaoanza usaidizi wa kisheria hapa Masasi, mliopewa fulana na mkoba mkaambiwa nendeni mkawasaidie wananchi. Kazi hiyo nimeifanya mpaka magoti yakagoma. Kabla yake nilikuwa karani wa masjala, kile chumba cha mafaili ambacho kila ofisi ya serikali inacho na hakuna mkubwa anayependa kuingia kwa sababu ya vumbi. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za dirisha. Nimeficha karatasi za watu, na nimewatafutia watu karatasi zilizofichwa. Kuficha ni rahisi zaidi.

Wengi wenu mnadhani kazi hii ni kuijua sheria. Sheria yenyewe haina makuu. Inasema mwananchi anaweza kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi imjibu ndani ya siku thelathini. Utaimaliza kuisoma huku unasubiri chapati. Kinachowashinda watu ni kuandika barua moja ya maombi inayoeleweka. Kilinishinda hata mimi, na walioumia ni viwavi wa Mama Hamza.

Huyo Mama Hamza jina lake ni Somoe, mwanamke mwembamba wa Chiwata mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi kutoka mbali. Alinikuta ofisini asubuhi, ameshika sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa na chai mkononi na njaa tumboni.

"Shikamoo, Mama Fadhila."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

"Maiti," akasema, akafunua.

Walikuwa viwavi weupe, wanene kama kidole changu cha mwisho, wamejikunja, na midomoni wamekaukiwa na maji ya kijani. Chai nikaiweka chini.

Akanieleza. Yeye na wenzake, akina mama wachache wa kijijini, wanafuga viwavi wa hariri. Kijiji kiliwapa kipande cha ardhi wakapanda miforosadi, maana viwavi hao hawali kitu kingine ila majani ya mforosadi. Ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa watu wake wako hai na wana masikio, ndiyo inayowaletea mayai kwenye vikaratasi, madogo kama mbegu za mchicha. Yakianguliwa, viwavi wanakula karibu mwezi mzima bila kuinua kichwa, kama wageni wa harusi, halafu wanajifungia kila mmoja ndani ya kifukofuko cha uzi. Vifukofuko vinapandishwa Newala kwa mfumaji mmoja, Mama Stela, anavichemsha, anavuta uzi, anafuma vitambaa.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini msimu wa kwanza viwavi walikula wiki mbili, tatu, halafu siku moja mtu anafungua mlango anakuta wanatapika na kuzungusha vichwa kama walevi. Mpaka mchana wamekwisha. Msimu wa pili vilevile. Na huo ulikuwa wa tatu.

"Ofisi inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema sisi wachafu."

Akanipa barua. Ilikuwa imeandikwa kwa kile Kiswahili cha kiofisi kinachokutukana bila kukutaja. Vifo vimetokana na "kutozingatia usafi", na kijiji kinashauriwa "kutafakari matumizi mbadala ya eneo". Maana yake miforosadi ing'olewe, pawekwe kitalu cha miche ya mikorosho. Mkutano mkuu wa kijiji ungelijadili jambo hilo kabla ya mvua.

"Kijijini wananiita Mama Wadudu," Somoe akasema. "Hilo nimelizoea. Lakini mchafu, Mama Fadhila? Mimi naosha miguu kabla sijaingia kwa viwavi. Kwa mume wangu siingii hivyo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutaomba nyaraka. Nilikuwa nimetoka semina wiki ile, na mtu aliyetoka semina ni hatari kuliko mlevi. Nikaandika barua kwa ile ofisi, kichwa chake herufi kubwa: YAH: MAOMBI YA NYARAKA ZOTE ZA HARIRI. Nikaipeleka mwenyewe, nikarudi nikitembea kama wakili.

Siku ya ishirini na tisa majibu yakaja. Kitengo cha jarida la ofisi kilinishukuru kwa nia yangu njema ya kutaka kuhariri jarida lao, kikaniomba niambatishe nakala za vyeti na barua ya mtendaji wa kata.

Chekeni tu. Mimi nilicheka baadaye sana. Maana mwezi huo ambao barua yangu ilizungukazunguka kutafuta mhariri, mayai mengine yaliletwa Chiwata, yakaanguliwa, na viwavi wengine wakafa. Nilipompa Mama Hamza yale majibu, aliyasoma neno kwa neno, taratibu, kwa kuwa kusoma alijifunza ukubwani. Halafu akaninyanyulia macho.

"Kwa hiyo vyeti unavyo?"

Nilitamani anitukane.

Nikapanda Newala kumwona Mama Stela, nijue angalau hiyo hariri yenyewe ikoje kabla sijaiombea tena. Newala siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni na baridi inatafuna vidole. Mama Stela ni mnene, mpole, haendi haraka kwa jambo lolote. Kitanda chake cha kufumia kilikuwa kimejaza nusu ya chumba na juu yake ameanika nguo za wajukuu.

"Kina kazi gani nyingine?" akaniambia. "Uzi hauji. Kikae bure?"

Akanionyesha vifukofuko vichache vilivyosalia kutoka kwa wafugaji wa mbali, vyepesi kama maganda ya karanga. Akachemsha vitatu kwenye sufuria ndogo, akachokoa kwa kijiti mpaka ncha ya uzi ikajitokeza, akaanza kuvuta. Uzi ulikuja, ukaja, ukaja. Maji yale hakuyamwaga, alikwenda nayo kwenye mche wa mboga, kwa sababu huko juu maji ni kitu cha kuheshimu. Nilipomsimulia barua yangu alinijibu bila haraka.

"Dada, mteja akija hapa akasema anataka kitu cha hariri, namrudisha kwao. Aniambie upana, urefu, rangi, na anataka kukivaa kwenye shughuli gani. Wewe barua yako ingekuwa oda, mimi ningekufumia jamvi."

Semina nzima haikunifundisha hivyo. Omba karatasi moja. Itaje ni karatasi gani, aliiandika nani, kuhusu nini, lini, wapi. Unamwandikia mtu aliyechoka, anayetafuta sababu ya kukujibu "haijulikani unachokitaka". Usimpe hiyo sababu.

Nikateremka moja kwa moja mpaka Chiwata, nikamkuta Mama Hamza anapalilia miforosadi ambayo huenda ingeng'olewa. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliwahi kuja kuwatazama wale viwavi.

"Alikuja mmoja, ule msimu wa kwanza. Bwana mmoja mwenye buti za mpira. Akachukua maiti kwenye kopo la mayonesi, akakata na majani, akakwangua na trei zetu. Akasema majibu yatakuja."

"Jina lake?"

"Sisi tulimwita Bwana Buti."

Bwana Buti haandikwi kwenye barua ya serikali. Tukaenda ofisi ya kijiji tukaomba kitabu cha wageni. Vijana, kipendeni hicho kitabu. Mtumishi anaweza asifanye lolote kijijini, lakini hataondoka bila kusaini, kwa sababu ndicho kinachothibitisha kwamba alisafiri. Tukafunua kurasa zilizoliwa na mende mpaka tukamkuta: jina, cheo, tarehe, na kwenye sehemu ya shughuli ameandika "kuchukua sampuli za viwavi waliokufa". Mama Hamza akaweka kidole juu ya mstari huo, akakiacha pale muda mrefu.

Barua ya pili ilikuwa na sentensi tatu. Tunaomba nakala ya ripoti ya sampuli za viwavi zilizochukuliwa Chiwata, na bwana fulani, siku fulani. Safari hii aliyesaini alikuwa Somoe mwenyewe, kwa mkono wake. Na nakala yetu tukaigongesha mhuri wa mapokezi, kwa sababu barua isiyo na mhuri hamna aliyewahi kuiona.

Siku zilipokwisha tukaenda wote wawili. Tukapokelewa na afisa mmoja, Bwana Kasimu, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akatuambia kwa masikitiko makubwa kwamba faili la viwavi liko mkoani.

Hapo sasa nimshukuru marehemu Mzee Saidi, aliyenifundisha masjala. Mzee Saidi alikuwa na jicho moja zima na alikuwa anajua kila faili lilipo, hata yale aliyoambiwa asijue. Alikuwa akisema faili halina miguu. Likitoka kwenye chumba, kuna mtu amelibeba, na aliyelibeba amesaini kwenye daftari la mwendo wa mafaili. Kama hakuna saini, faili halijatoka, ila kuna mtu amelilalia usingizi.

"Bwana Kasimu," nikasema, "naomba tu kujua lilikwenda mkoani lini. Daftari la mwendo litatuambia."

"Mama, hilo daftari ni la ndani."

"Ndiyo, mwanangu. Nimelijaza miaka mingi. Najua hata mahali mnapoliweka."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akamwita msichana wa masjala. Msichana akaja na daftari, akapitisha kidole toka juu mpaka chini, akafunua ukurasa, akarudia. Akasema polepole, "Halijatoka, bosi." Halafu, kwa kuwa alikuwa bado mgeni kazini na hajafundwa, akaongeza, "Hili si lile tunalowekea birika?"

Tukaenda kuliona wote wanne. Lilikuwa juu ya kabati fupi, birika la umeme limekaa juu yake, na jalada lina duara la chai lililokolea vizuri. Ripoti ilikuwa ndani, kurasa mbili, imegongwa "IMEPOKELEWA" miaka miwili nyuma, na mtu ameandika kwa wino mwekundu "Imeonwa". Imeonwa na nani, na akafanya nini baada ya kuiona, karatasi haikusema.

Tukaisomea nje kwenye benchi. Ilisema mambo matatu. La kwanza, viwavi wameuawa na dawa ya maji inayopuliziwa mikorosho kuua wadudu, iliyopeperushwa na upepo ikatua kwenye majani ya miforosadi. Uchafu haukutajwa popote. La pili, mayai yasiletwe kabisa miezi ya kupulizia, yaletwe mvua zikishaanza, majani yakiwa machanga na mabomba ya dawa yamelala. La tatu nitalisema likifika mahali pake.

Nikarudi ndani kwa Bwana Kasimu. "Kwa nini mayai mnayaleta Julai?"

"Mama, bajeti inafunguka Julai."

"Na viwavi wanajua?"

Kusema haki, nilimwonea huruma kidogo. Si yeye aliyeandika "Imeonwa". Lakini ile barua ya wachafu aliiandika yeye, faili likiwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, na kila asubuhi akiliinamia kumimina chai.

Mkutano wa kijiji ukafika. Watu walijaa kwenye uwanja wa shule, wengine wamekuja kwa ajili ya miforosadi na wengine kwa ajili ya kumwona Mama Wadudu akinyang'anywa. Mwenyekiti alikuwa na haraka, nusu ya kijiji wanakitaka kitalu. Akaisoma barua ya ofisi, neno usafi likapita, watu wakaguna. Nikanyoosha mkono, nikaruhusiwa kusoma ripoti.

Nikasoma la kwanza. Nikasoma la pili. Mzee mmoja akasema jambo refu kwa Kimakonde na wazee wenzake wakatikisa vichwa. Nikakunja karatasi, nikashukuru, nikageuka kukaa.

Na hapa ndipo ninapowaambia kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko lile la kuhariri. Lile la tatu sikulisoma. Nililiruka kwa makusudi, nikijiambia nawalinda wateja wangu.

Somoe alikuwa amekaa mbele, karibu yangu. Akasema kwa sauti yake ile ya kuita mbuzi, "Mama Fadhila, hapo chini pana mistari hujasoma."

"Yanatosha haya, mama."

"Karatasi niliiomba mimi. Isome yote."

Nikaifungua tena. La tatu lilisema kwamba mabaki ya dawa yamekutwa pia kwenye trei za kulelea viwavi, na kwamba mtaalamu, alipokagua, alikuta bomba la kupulizia mikorosho limehifadhiwa ndani ya chumba hicho hicho. Wasichanganye tena.

Benchini tulipoisoma mara ya kwanza, mstari huo niliupitisha haraka, nikidhani Somoe haukumwingia. Kumbe ulimwingia, akakaa nao muda wote huo akiungoja mkutano. Akasimama.

"Bomba ni letu," akasema. "Baba Hamza aliliacha nje, mvua ikataka kunyesha. Nililiingiza mimi. Sikujua kama linaua na likiwa limelala."

Mumewe, mtu mpole aliyekaa nyuma na kofia yake, akasimama naye. "Mimi ndiye niliyeliacha nje," akasema, akakaa.

Sijui mlitegemea nini. Mimi nilitegemea tumekwisha. Lakini yule mzee wa Kimakonde kirefu akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, kwamba dawa ya upepo ule ilitoka kwenye mikorosho yake, na ya fulani, na ya fulani, akawataja kwa majina, na hao waliotajwa wakaanza kuangalia viatu vyao. Akasema kama mwenye bomba moja amesema ukweli, wenye mabomba kumi hawawezi kukaa wakimcheka. Wakakubaliana akina mama wa viwavi wapewe msimu mmoja wa mvua, na bomba la Baba Hamza lihamie kwenye banda la kuni. Kitalu kikatafutiwa mahali pengine, na waliokitaka walinuna mpaka Krismasi, Waislamu kwa Wakristo.

Mayai yalikuja Januari. Bwana Kasimu aliandika dokezo kwa wakubwa wake kupendekeza kalenda mpya, akaeleza kama kwamba ameiota yeye. Mwacheni. Mtu akiiba wazo lako akalitekeleza, mshukuru. Viwavi hawakupona wote. Wa trei mbili walioza kwa unyevu. Lakini nilipoitwa wiki ya nne nikasimama mlangoni pa kile chumba, nilisikia sauti nikadhani mvua imeanza, nikaangalia juu. Ilikuwa ni kutafuna. Siku chache baadaye walipanda kwenye vijiti vyao, wakaanza kujifunga. Mama Stela alianua nguo za wajukuu kwenye kitanda chake, na kitambaa cha kwanza alichofuma kilipinda upande mmoja. Alisema mikono ilikuwa imesahau.

Mngependa niishie hapo. Ofisi yetu nayo ilipenda, ilitengeneza na bango.

Mwaka uliofuata Mama Hamza aliingia tena asubuhi, safari hii bila sahani. Akanipa barua, sentensi tatu, kwa mkono wake. Mgeni wa wafadhili wetu alikuwa ametembelea Chiwata na kumwambia kwamba habari za kikundi chake alishazisoma zamani. Kwa hiyo yeye, Somoe, anaomba nakala ya ripoti ambayo ofisi yetu iliwaandikia wafadhili kuhusu kikundi, wiki ile aliyokuja mara ya kwanza.

Mwenzangu akaninong'oneza kwamba sisi ni asasi, huenda sheria haitugusi. Huenda. Lakini niliyeiandika ripoti ile ni mimi na nilikuwa nakijua kilichomo. Wiki ile tulidaiwa taarifa ya robo mwaka, nikainakili barua ya ofisi kama ilivyo, ili nimalize haraka. Niliandika kwamba kikundi kina changamoto ya usafi na uelewa mdogo.

Ningeweza kumwambia faili liko mkoani. Maneno yalinifika mpaka mdomoni, nawaambia kweli. Nikaenda kabatini, nikatoa, nikamwekea mezani.

Alisoma taratibu, neno kwa neno. Mimi nikasimama kama mwanafunzi.

"Hapa umeandika usafi," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshafika kwetu?"

"Nilikuwa bado."

Halafu akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Pembeni mwa ripoti ile, kwa herufi zake kubwa zinazopanda mlima, akaandika: Si kweli. Hakufika. Akaweka jina lake lote na tarehe, akanirudishia kalamu, akaniuliza kama chai ipo.

Karatasi hiyo iko kwenye kabati la kushoto, droo ya chini. Mkiikuta msiitoe. Na akija mtu kuiomba, mpeni nakala siku hiyo hiyo.